Chupa za Mame

Mame alikuwa panya. Jina lake kwa Kijapani maana yake haragwe, alipewa kwa sababu alizaliwa mdogo kuliko ndugu zake wote. Mimi sikuwahi kumwona. Alikufa nikiwa bado shule ya msingi, au tuseme mwili wake ndio uliokufa. Seli za korodani zake Mwalimu Shiraishi alizitia kwenye chupa zenye maji ya pinki, nazo zikakataa kufa. Ziligawanyika, zikahamishiwa chupa mpya, zikagawanyika tena. Nilipopata kazi katika maabara yake hapa Kanazawa nilizikuta kwenye kabati la joto, zimetulia, zinalishwa na kubembelezwa.

Mwalimu alisubiri kitu kimoja. Ndani ya korodani kuna kimeng'enya kinachoamka mwishoni kabisa, pale seli ya duara inapojinyoosha na kuota mkia ikawa mbegu ya kiume. Sehemu nyingine zote za mwili hakina habari nazo. Alitaka kukiona kikiamka ndani ya chupa. Miaka ya mwanzo kiliwahi kujitokeza kidogo, akaandika, akasifiwa. Kisha kikalala, na Mwalimu akakaa kando yake kumsubiri aliyelala aamke mwenyewe.

Kila asubuhi aliinama kwenye hadubini na kusema, "Mame, umeamkaje?" Mimi sina subira na watu wanaozungumza na chupa. Lakini katika chumba kile, theluji ikishuka dirishani na mashine zikivuma taratibu, saa zilipita bila kuaga, na siku moja nikajisikia nami nasalimia.

Msimu huu wa baridi ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Maabara moja ya Hiroshima iliomba kuzirithi seli, na siku hizi huwezi kumpa mtu ukoo wa seli bila kuthibitisha asili yake. Nikazipeleka kupimwa. Majibu yalirudi siku moja kabla ya mhadhara wake wa kuaga. Ndani ya chupa hamkuwa na panya. Zilikuwa seli za figo za binadamu, zile zile anazozifuga Hatakeda wa chumba cha jirani, ambaye kwa miaka mingi yeye na Mwalimu walitumia kibanda kimoja cha kioo cha kulishia seli. Tone moja likiangukia chupa isiyo yake linatosha. Za figo hukua mbio, zinawasonga wenyeji, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Nilimwonyesha Hatakeda kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Usinitazame hivyo, Tamaki. Zile ni kama shemeji, ukimkaribisha chai anahamia."

"Mwalimu anasimama kesho kumsifia Mame mbele ya chuo kizima."

"Basi nyamaza mpaka keshokutwa. Mwache mama wa watu astaafu kwa raha zake."

Ushauri ule ulinivutia, sitasema uongo. Nilimpenda Mwalimu, na nilijua namwendea kumwambia kwamba nusu ya maisha yake ilikwenda na maji.

Nilimkuta anazilisha.

"Mbona umesimama mlangoni kama mdai?" akauliza.

"Majibu yamerudi, Mwalimu. Humo hamna Mame."

Alimaliza chupa ile, akaifunga kifuniko.

"Na zile za akiba, kwenye baridi?"

"Nazo nimezipima. Zote ni figo za watu."

"Tangu lini?"

"Hakuna anayeweza kujua."

Akatazama theluji dirishani. "Kumbe nilikuwa naamkia figo," akasema, akacheka peke yake. Kisha, "Ungeweza kuninyamazia."

"Hatakeda alinishauri hivyo."

"Ana huruma, yule. Wewe huna?"

"Ninayo, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja leo."

Alichukua chupa iliyofuata akailisha nayo, maana zilikuwa na njaa.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwalimu alionyesha picha ya kwanza, panya mdogo kiganjani, akaeleza yote bila kupepesa: tone, figo, na kwamba makala zake za miaka ya karibuni ameomba ziondolewe. Wakuu wa idara waliinamia viatu vyao. Moyo ulikuwa unaniuma, na bado nilijivuna kuwa mwanafunzi wake.

"Kila vuli," akasema, "nimesimama nanyi mbele ya jiwe la kumbukumbu ya wanyama waliokufa maabara. Tumeweka maua, tumewainamishia vichwa panya wetu wote. Huyu sikumwombea hata mara moja. Niliamini yu hai. Sijui alikufa siku gani. Pengine ni asubuhi moja nikimsalimia. Naomba tusimame kwa ajili yake."

Hatakeda ndiye aliyetangulia kusimama. Viti vikasogea, kisha pakawa kimya, ukumbi mzima wa maprofesa umeinamisha vichwa kwa panya mmoja. Nje theluji iliendelea kushuka bila sauti. Tulipoinua vichwa mmoja mmoja na kuanza kutazamana, Mwalimu alikuwa bado ameinama, na hakuna aliyethubutu kukaa.