Siku Kumi na Tano za Mumbua

Mumbua alichukuliwa Jumatatu jioni, katikati ya zamu, bado amevaa aproni ya hoteli. Ni binti yangu wa pekee. Polisi waliomchukua walimtajia namba ya simu, wakamuuliza kama ni yake. Akasema ndiyo.

Namba ile naitumia mimi. Mimi ni soja wa geti kwenye ghorofa moja kule West Bay, huku Uarabuni. Kampuni ilikawia kunifanyia kitambulisho kipya, miezi minne wananiambia "kesho", na bila kitambulisho duka halikupi laini. Ndipo Mumbua akaniandikishia moja kwa jina lake. Huku wengi wetu tunafanya hivyo. Na wakubwa hao hao wa kampuni ndio walioninyima ruhusa ya kwenda nyumbani, mama yake, Peninah, alipokuwa anakufa Kitui. Nikamzika kwa simu.

Halafu mimi na kidole changu. Siku chache kabla hajachukuliwa, nilitumiwa kwenye laini hiyo video ya watu wenye bunduki na bendera, wanaongea Kiarabu. Sikujua wanasema nini. Nikaisambaza kwenye makundi sita ya Watsapu na maneno yangu: "Oneni, serikali zetu zimelala."

Nikamwendea Salim, dereva wa Kizanzibari ninayekaa naye chumba kimoja Al Rayyan. Yeye anajua Kiarabu. Nikamwonyesha video.

"Mzee Nahashon, wewe kila kitu unasambaza! Juzi umenitumia dawa ya kuotesha nywele, na mimi nina kipara." Akacheka, akaona uso wangu, akakaa nikamweleza ya Mumbua.

"Watamweka siku ngapi?"

"Mambo ya ugaidi, nasikia kumi na tano. Kisha wanaongeza kumi na tano. Zinaweza kufika miezi sita, na hakimu hajamwona."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa hawajasema, mzee wangu. Wanamzuia asije akalifanya."



Nilijua la kufanya: kwenda kusema ni mimi. Wiki mbili sikwenda. Lifti ikifunguka kazini, nasikia mkojo unanibana. Gari jeupe kama la polisi likipunguza mwendo, najibanza kibandani. Baba mzima, najificha nyuma ya mtoto.

Siku ya kumi na tano nilimngoja nje ya kituo cha polisi, mimi na Salim. Hakutoka. Salim akauliza dirishani, akarudi akitazama chini. Zimeongezwa nyingine.

Nikaenda dirishani, nikatoa simu, nikaisukuma kwa afisa chini ya kioo. "Mwambie ni mimi. Mwambie huyo mtoto hata video hajaiona."

"Mzee, nikisema hivyo hutoki hapa."

"Sema!"

Salim akasema. Afisa akaandika, akaandika, bila kuinua kichwa. Wakaja askari wawili, mmoja akanishika kiwiko.

"Anasema zako kumi na tano zinaanza leo," Salim akanitafsiria.

"Na Mumbua? Muulize anatoka lini."

Akauliza. Akauliza tena. Afisa alikuwa ameshamwita mtu aliyekuwa nyuma yetu.