Nyayo Zilizoishia kwa Mama Eric

Nyayo za ng'ombe watatu walioibwa kwa Stanslaus ziliishia kwenye zizi la Agustina, na pale Kisaka, nyayo zikiishia kwako wewe ndiye wa kulipa. Ndiyo desturi. Kabla hata hajafika mkutanoni, kijiji kilikuwa kimeshakubaliana kwamba maksai wake wawili wachukuliwe. Bila maksai hao mjane huyu asingelima msimu huu, na mwaka mzima angeshinda akiomba unga kwa shemeji zake, watu ambao wakikupa kisado wanatangaza gunia.

"Mama Eric, wewe kaa tu," alisema Magige, mwenyekiti wa kijiji. "Shemeji yako Vedasto atakusemea."

Vedasto mwenyewe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono maksai wachukuliwe. Agustina alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Hakukaa.

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamooni wazee. Mdomo ninao. Katiba, ibara ya kumi na tatu, inasema mtu asikilizwe kwa ukamilifu kabla jambo lake halijaamuliwa. Haijasema asikilizwe shemeji yake."

Wanawake waliokaa nyuma waliangua kicheko. Magige alijikuna kidevu. Ibara hiyo aliijua vizuri, ila katika miaka yake yote ya uenyekiti hakuna aliyewahi kumtajia mbele ya watu.

"Haya, sema."

"Nani walifuata nyayo?"

Vijana sita walisimama, vifua mbele.

"Mlipofika zizini kwangu, nani alizunguka upande wa nyuma?"

Hakuna aliyekuwa amezunguka. Walipoona nyayo zimechanganyika na za ng'ombe wa mjane, walipiga yowe na kurudi.

"Basi twendeni."

Mkutano mzima ulinyanyuka. Nyuma ya zizi, kwenye tope la mvua ya juzi, nyayo za ng'ombe watatu zilitoka wazi kabisa, za gambuti zikizifuata, kuelekea bondeni. Stanslaus alizitazama weee, kisha akavua kofia, akamwomba Agustina radhi mbele ya wote. Vedasto alikuwa ameshaondoka.

Vijana walikamata fimbo zao, wakaanza kukimbia. Agustina alijaa furaha, maksai wake wakicheua pale pale. Angeweza kuingia zake ndani.

"Nyie!" aliwaita. "Huko zitakakoishia, mwenye zizi asikilizwe kwanza!"