Ugonjwa wa Jumatano

Mzee Oiva Kantomaa aliivaa bangili ya kupima moyo shingo upande. Watafiti wa Tornio, upande wa Finland, na wenzao wa Haparanda, ng'ambo ya mto upande wa Uswidi, walikuwa wameunganisha nguvu kuchunguza mioyo ya wazee wanaoishi peke yao. Binti yake, Sirkku, akamwandikisha bila hata kumuuliza. Moyo ukiwa mzima, baba atabaki nyumbani kwake. Ukileta matata, atahamia nyumba ya wazee. Fomu ya kuhamia alikuwa ameshaijaza.

Matata yakaja. Kila Jumatano mchana mapigo yalipanda hadi mia moja na thelathini, yakakaa huko kwa saa mbili. Sirkku akamuuliza baba yake huwa wapi wakati huo. Oiva, ambaye kwa miaka sabini na minane hakuwahi kuwa fundi wa uongo, akasema huwa maktaba, anasoma gazeti.

Njia ya mwongo ni fupi. Moyo unaokimbia hivyo juu ya gazeti ni moyo mbovu, na jopo la madaktari wa pande zote mbili likaitwa. Kikao cha kwanza kiliishia kwenye ubishi: Wafini waliandika saa nane, Waswidi saa saba, maana ng'ambo saa iko nyuma kwa saa moja, na hakuna aliyekubali kufuata saa ya mwenzake. Cha pili walikunywa kahawa tu. Cha tatu wakaitwa Oiva na bintiye.

Daktari Ebba Lindmark wa Haparanda aliingia uso umechanua. Alitangaza kwamba upande wake amepatikana mama wa miaka sabini na minne mwenye dalili zile zile, siku ile ile, wakati ule ule. Nchi mbili, maradhi mamoja! Walishuku maji ya mto, kisha samaki. Jina walikuwa wameshalichagua, Ugonjwa wa Jumatano, na walikusudia kuwatoa damu wazee wote wa miji yote miwili.

Mama huyo Oiva alimjua vizuri, kwa sababu kila Jumatano alikuwa akimshika kiuno. Kwenye dansi ya mchana, ilipofika zamu ya wanawake kuchagua, mama huyo, Gunvor, alivuka ukumbi mzima akamfuata yeye. Lakini Helvi, mkewe, alikuwa na miaka miwili tu kaburini, na Sirkku bado alilia akiliona koti la mama yake mlangoni. Oiva aliona heri aitwe mgonjwa.

Kisha Sirkku akatoa ile fomu na kalamu, baba atie sahihi.

"Hakuna ugonjwa," Oiva akasema.

"Baba, wagonjwa wote husema hivyo."

"Ni dansi. Mimi na Gunvor tunacheza humppa. Na ile ngoma haina huruma, mwanangu, inakwenda mbio."

Daktari Ebba akauliza kwa upole kama mzee ana hakika kabisa, kwa sauti ya mtu aliyemwagikiwa na mchuzi. Mfini mmoja akaanza kukohoa ili asicheke.

"Mbona hukuniambia?" Sirkku akauliza.

"Niliogopa utadhani nimemsahau mama yako."

Sirkku akachukua karatasi ya mapigo na kujificha nyuma yake, machozi yasionekane. Humo akaona kitu ambacho jopo zima halikukijali: kila Jumapili asubuhi mapigo yalipanda kidogo, kisha yakatulia kwa muda mrefu.

"Na hapa uko wapi?"

"Napanda kilima cha makaburini. Nakaa na mama yako, nampa habari za wiki."

"Na za Gunvor umempa?"

"Yeye ndiye niliyemwambia wa kwanza."

Sirkku akaishusha karatasi, pua imemwiva nyekundu. Akaikunja fomu na kuitia mkobani, akamuuliza baba yake kama Gunvor anakunywa kahawa kwa maziwa.