Mfalme wa Masizi

Mwaka ule chuo kikuu cha Élisabethville kilikuwa bado kinanuka chokaa mbichi, na wanafunzi weusi waliosoma humo wangeweza kukaa meza moja na nafasi ikabaki. Donat Mwenze alikuwa mmoja wao. Alisomea fasihi ya Kifaransa, na aliipenda hasa. Mama yake, Germaine, alizoea kumsikia akijisemea mashairi uani huku anaoga.

Basi mwalimu wao alipotangaza kwamba ukumbi wa michezo wa mjini utawapokea wanafunzi kwenye mazoezi ya mwisho, yale ambamo waigizaji huvaa mavazi kamili na taa zikawashwa kama siku yenyewe, Donat hakukaa akatulia. Kabla ya mazoezi mwongozaji angewazungumzia juu ya mchezo. Onyesho lenyewe la Jumamosi usiku lilikuwa la Wazungu na wake zao. Hilo halikutangazwa. Lilijulikana tu.

Mchezo ulihusu mfalme wa kale wa Katanga aliyesalitiwa na ndugu zake. Aliyeuandika alikuwa Mzungu, lakini Donat alikuwa ameusoma akaurudia, na ile hotuba ya mwisho, mfalme anapowalaani wasaliti wake, alikuwa nayo yote kichwani.

Wanafunzi Wazungu waliketi mbele. Donat na rafiki yake Clément walioneshwa viti vya nyuma kabisa. Mwongozaji, Bwana Delvigne, akapanda jukwaani na sigara yake. Hakuwa ameanza vizuri kueleza mchezo, fundi wa taa akamkatiza: Bwana Raes, mwenye kuigiza mfalme, alikuwa amechelewa kurudi kutoka Kipushi, na taa haziwezi kupangwa bila uso wa mfalme.

"Nipe mtu mweusi yeyote basi," alisema Delvigne, akitupa macho ukumbini. "Wewe, mrefu. Njoo usimame hapa."

Donat alipanda. Walimvisha joho la chui, wakamwambia asimame tu, asiseme kitu. Lakini waigizaji wengine walianza sehemu ya mwisho ya mchezo ili fundi aone taa, na msaliti alipomaliza maneno yake, ukimya ukaingia mahali pa mfalme. Donat aliungoja ukimya ule upite. Haukupita. Akafungua kinywa.

Alianza chini, karibu kunong'ona. Akamtazama msaliti, akanyosha mkono polepole kama mtu anayemwonesha mwenzake kaburi lake, na sauti yake ikapanda mpaka mafundi wakaacha nyundo. Alipomaliza, mwigizaji aliyekuwa msaliti alikuwa amerudi nyuma hatua bila mtu kumwagiza. Wanafunzi wa mbele walipiga makofi.

Delvigne alicheka, akawageukia.

"Mmeona? Hili ni somo zuri kwenu. Sauti ipo, mwili upo. Lakini hii si sanaa. Mweusi haigizi, yeye hulipuka tu, kama mtoto anavyolia. Sanaa inataka mtu ajitawale. Ndiyo maana mfalme huyu lazima aigizwe na Mzungu."

Mlango ukafunguka, Bwana Raes akaingia mbiombio akiomba radhi, mtu mnene mcheshi aliyefanya kazi ya bima mjini.

"Vua joho," Delvigne alimwambia Donat. "Ila usiondoke. Kaa pembeni umwoneshe Bwana Raes ule mkono ulivyounyosha."

"Bwana," alisema Donat, "kama mimi siigizi, nimwoneshe nini?"

Vicheko vilitoka mbele, vikakatika. Delvigne akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Toka!"

Donat alivua joho, akalitupa miguuni pa Delvigne. "Mfalme wako ndiye huyo. Mpake masizi." Akashuka, akapita katikati ya viti. Alipofika nyuma alimtazama Clément. Clément alikuwa anatazama viatu vyake.

Kesho yake aliitwa chuoni. Aombe msamaha kwa Bwana Delvigne kabla ya onyesho, ama akusanye vitabu vyake.

Baba yake, Stanislas, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akapiga meza.

"Weye, nani alikutuma kusema? Miye nimeitika 'ndiyo Bwana' maisha yangu yote, juu ya weye usome! Wananitukana, ninanyamaza. Wananisukuma, ninanyamaza. Na weye, mara moja tu, umeshindwa?"

"Baba, yule muzungu alisema siye hatuna akili ya—"

"Maneno! Maneno haivunji mufupa. Utaenda kuomba musamaha. Na miye nitaenda na weye, nione kwa macho yangu."

Safari hii hasira ya Donat ilikuwa kwa baba yake.

Jumamosi alasiri walikwenda kwa miguu kutoka mtaani kwao Kamalondo. Stanislas alivaa koti lake la ndoa na kofia iliyopigwa brashi. Walipitishwa mlango wa nyuma wa ukumbi, wakaambiwa wangoje katika chumba chenye vioo, walimopakwa rangi waigizaji. Bwana Raes alikuwa amekaa kifua wazi, uso mweusi tii, midomo imepakwa nyekundu. Alipowaona aliruka, akakanyagakanyaga sakafu kama anayecheza ngoma.

"Jambo, papa! Sasa mimi na wewe ndugu!"

Mwanamke wa kupaka rangi alicheka. Stanislas alivua kofia, akatabasamu lile tabasamu ambalo Donat alilijua na alilichukia. Alikuwa amekwisha kuinama kidogo, maneno ya kuomba yako mdomoni, Delvigne alipoingia.

"Ah, vizuri," alisema Delvigne, lakini hakuwa anawasalimu. Alichukua taa ya mezani, akamshika Stanislas kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamwita Raes asogee mpaka mashavu yao yakakaribiana. "Unaona? Umeweka nyeusi mno. Ongeza kahawia. Kama hii hapa." Akamgusa Stanislas shavuni kwa kidole chenye rangi, kisha akajifuta kidole kwenye kola ya koti la ndoa.

Donat alimwona baba yake akimshika Delvigne mkono, akiuondoa kwenye kola taratibu, kama mtu anayetoa chuma kwenye moto. Stanislas akavaa kofia mbele ya Mzungu.

"Donat, tuende."

"Na msamaha?" aliuliza Delvigne.

"Musamaha haiko," alisema Stanislas. "Weye ndiye ungeniomba. Lakini hata ukiomba, sitaki."

Njiani alitembea kwa kasi mpaka Donat akawa anamkimbilia. Walipovuka reli, Stanislas aligeuka ghafla.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba."

"Haukuniambia vile! Ungenipiga! Ungenifungia mu nyumba nisiende!" Alijipangusa shavu kwa kiganja, akajipangusa tena, na rangi ikazidi kuenea. "Niliinama, Donat. Uliniona? Niliinama!"

Jumatatu Donat alifukuzwa. Baadaye alipata kazi ya kufundisha Kipushi, na hakuna aliyemrudisha chuoni. Stanislas hakumlaumu tena. Ila jioni ile ya Jumamosi, Germaine alipoleta maji ya moto na kitambaa amsafishe mumewe uso, mumewe aliukataa mkono wake.

"Acha," alisema. "Watoto wote waitwe kwanza. Wanione hivi."