Kombania ya Watu Mia na Ishirini

Meja hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Ni muuza dawa, duka lake linatazamana na langu, na cheo hicho tulimpa sisi wenyewe kwa utani, tukasahau kwamba mtu ukimpa cheo cha bure atakitumia. Jumatano ile aliingia dukani kwangu, ninapotoa fotokopi, akaweka karatasi juu ya mashine yangu na kusema, "Nimethibitisha. Kombania ya Tatu walikuwa waoga."

Damu ilinichemka hapo hapo. Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, alipigana katika Kombania ya Tatu, na Meja alilijua hilo vizuri.

Sisi ni watu saba tunaotengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu vita vya mpakani, vile vya miaka arobaini iliyopita. Mchezaji anapewa jeshi, anaamua nani akae kilimani na nani ashike daraja. Kazi yangu ni vikosi. Kila kombania lazima iwe na watu, silaha na magari iliyokuwa nayo kweli siku ile, na katika hilo mimi nina kisirani, nakubali. Niliwahi kufuta lori zima kwa sababu lilinunuliwa mwaka mmoja baada ya vita. Niligombana na wenzangu wiki nzima kuhusu idadi ya koleo kwa kila platuni. Kombania ya Tatu niliijenga kutoka kwenye orodha ya jeshi lenyewe, iliyopigwa mhuri siku tatu kabla ya vita vya daraja: platuni tatu za watu thelathini na sita, na kumi na wawili wa makao ya kombania. Jumla mia na ishirini.

Meja aliyacheza mapigano ya daraja mara hamsini. Mara zote hamsini watu wangu mia na ishirini walilishikilia daraja mpaka jioni. Kwenye vita vya kweli lilitekwa saa tatu asubuhi. Jeshi liliokota maiti thelathini na mbili, watu tisa wakarudi kwa miguu, na sabini na tisa waliobaki wakaandikwa watoro.

"Hesabu ni zako mwenyewe," Meja aliniambia. "Wangepigana, wangeshinda. Jumamosi nitawaonyesha watu pale ukumbi wa maktaba. Mchezo, halafu majina ya watoro ukutani."

"Familia zao zimealikwa. Watoto wao watakuwa wamekaa pale."

"Historia haina mjomba, dada yangu."

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia akahesabu vidonge, maana hiyo ndiyo hesabu aliyosomea, na asikanyage tena dukani kwangu. Akatoka anacheka. Nilifunga duka saa kumi, nikabeba kompyuta yangu kurudi nyumbani nikiwa nimevimba.

Mjomba anakaa kwetu, chumba cha uani. Nilimkuta anapiga pasi shati la Jumamosi, kwa sababu kadi ya mwaliko alikuwa ameshaletewa. Nilifungua kompyuta juu ya kitanda chake, nikamwonyesha kombania yake mtu mmoja mmoja, nikamweleza alichosema Meja. Kisha nikauliza, na sikuuliza kwa adabu, "Mjomba, mlikimbia?"

Alisimamisha pasi. Akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Hawa wote ni sisi?"

"Ndiyo."

"Toa sabini na tisa."

"Kwa nini niwatoe?"

"Walikuwa wamekufa."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia waliokufa darajani ni thelathini na mbili. Akasema hazungumzii darajani, anazungumzia miezi mitano kabla ya hapo. Homa. Kuhara. Wachache kwa risasi. Nilitoa orodha kwenye mkoba nikamwekea mbele ya macho.

"Hapa wameandikwa mia na ishirini. Siku tatu kabla. Kuna mhuri, kuna sahihi."

"Sahihi ni yangu," mjomba alisema. "Karani wa kombania nilikuwa mimi."

Miaka yote nimeishi na mtu huyu na sikuwahi kujua. Nilijua alikuwa askari, basi. Akaketi kitandani, akaeleza bila kunitazama. Chakula kililetwa kwa idadi ya watu walioandikwa, na kilikuwa nusu ya kinachotakiwa. Alipokufa wa kwanza, kapteni alimwambia, "Karani, tunazika ardhini tu. Kwenye karatasi usimzike mtu." Ukiripoti mmoja, kesho unga unapungua. Kwa hiyo marehemu waliendelea kuitikia majina kwenye karatasi, na walio hai wakala fungu lao.

"Halafu makao makuu wakatafuta kombania iliyokamilika," alisema. "Zingine zilikuwa na watu hamsini, sitini. Yetu peke yake ilikuwa nzima. Wakatupa daraja, wakasema hatuhitaji msaada. Tulikwenda watu arobaini na mmoja."

Nilifuta watu sabini na tisa, nikaacha mchezo ujicheze wenyewe. Daraja lilitekwa saa tatu na robo. Nikarudia mara nne. Mara moja tu lilifika saa nne.

Sasa hasira yangu ilihama. Ilimwacha Meja, ikaja kukaa chumba cha uani. Orodha ile ilisema watu wako hai, na maiti zao hazikuonekana darajani, kwa hiyo jeshi likaandika wametoroka. Maiti walifanywa watoro, na huyu mzee alilijua hilo kila alipoamka asubuhi.

"Jumamosi utasema," nilimwambia.

"Mwanangu, hujui unachoniomba."

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ina miaka arobaini."

Alirudi kwenye pasi, akapiga mkono wa shati uleule aliokuwa ameshaupiga.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilimfuata Meja mbele, nikampa mchezo wenye watu arobaini na mmoja. Akauliza chanzo. Nikamtazama mjomba, safu ya tatu, na mjomba alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kumtaja. Nilimeza maneno, na mpaka leo najichukia kwa dakika ile.

"Neno bila karatasi ni uvumi," Meja alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Basi akaonyesha. Watu wangu mia na ishirini, sahihi mpaka koleo, wakalishika daraja mpaka jioni. Kisha majina sabini na tisa yakatokea ukutani, yenye namba. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye mkoba wa hospitali anakofanya kazi, alisimama na kusogea karibu asome.

"Hamsini na nne ni baba yangu," alisema. "Kwa hiyo ni kweli alikimbia."

"Pole, mama," Meja alisema. "Hesabu ndiyo inavyosema."

"Hakukimbia."

Mjomba alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake. "Alikufa kwa kuhara, wiki saba kabla ya daraja. Mimi na mpishi tulimzika nyuma ya shule iliyobomolewa. Hao wote ukutani walikuwa wamekufa. Niliwaandika wazima ili chakula chao kiendelee kuja. Karani nilikuwa mimi."

Uso ulimshuka Meja. Siku tatu nzima nilikuwa nimeisubiri sura ile, na ilipokuja haikunipa raha yoyote, kwa sababu yule mwanamke hakuwa anamtazama Meja.

"Chakula chake alikula nani?"

"Sisi. Na mimi nilikula."

"Shuleni waliniita mtoto wa mtoro. Mama alikataa kuolewa tena, akisema ametoroka tu, iko siku atarudi. Amekufa anasema hivyo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikuwa hujui tunapoishi?"

Nilimwomba Mungu mjomba aseme alikuwa hajui.

"Nilijua," mjomba alisema. "Anwani zote nilikuwa nazo mimi."

Jumatano nilimtetea mzee huyu mpaka nikamfukuza mtu dukani. Sasa kiti kilikuwa wazi pembeni yake, na mimi sikwenda. Mwanaume mmoja akasimama safu ya nyuma, akasoma ukutani, akamgeukia.

"Kumi na saba," alisema. "Kaka yangu. Yeye mlimzika wapi?"

Mjomba akaanza kumweleza, na nyuma ya yule mwanaume watu wengine walikuwa wameshasimama, kila mmoja na namba yake.