Amplifaya Isiyopata Joto

Kibe alikuwa mtu wa kung'ang'ania jambo moja hadi lichoke lenyewe, na mwaka ule wa 2004 jambo lilikuwa amplifaya. Si amplifaya kama ya kanisani kwao Riruta, lile dude la chuma la kubebwa na wanaume wawili, ambalo lilichemka ibada ikifika katikati hata mchungaji akafupisha mahubiri (na wako waumini waliolishukuru kimoyomoyo). Hasha! Kibe alitaka ya aina mpya, ambayo transista zake huwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, upesi kuliko sikio linavyoweza kujua. Umeme karibu wote huenda kwenye spika, joto halipatikani. Alisoma habari zake katika saiba ya mjini, kwenye kompyuta za kulipia, saa ya chakula cha mchana, badala ya kula.

Kazi ya mshahara ilikuwa ukarani wa stoo katika duka la jumla katikati ya jiji. Ufundi ulikuwa wa jioni. Vipuri alivinunua kwa mzee Harjit, aliyerithi kutoka kwa baba yake kiduka cha vitu vya redio upande wa River Road, na ambaye hakuuza kitu bila kutoa onyo.

"Sikiza Kibe," alimwambia. "Hii kitu inapiga kelele yenye wewe husikii. Weka ndani ya bati. Na ile koili ya mwisho, kabla ya spika, usiruke. Hiyo ndio chujio."

"Nimesikia, mzee."

Alisikia, ndiyo. Lakini kusikia na kutenda havikuzaliwa tumbo moja.

Ya kwanza ililipuka pa! chumba kikanuka hadi kwa jirani. Transista mbili zilikuwa zikifunguka pamoja, umeme ukapita kama upepo katika nyumba iliyoachwa wazi mlango wa mbele na wa nyuma. Hilo alilirekebisha. Ya pili ikaimba, tena vizuri, ila koili aliyoizungushia kwenye pete ya chuma aliyoitoa katika kompyuta mbovu ilipata moto hadi ikamchoma kidole. Aibu gani hiyo, amplifaya isiyopata joto kumchoma mwenyewe! Kibe aliikata koili, akaunganisha spika moja kwa moja. Ikaimba vilevile. Akacheka peke yake, akasema mzee Harjit na mambo yake ya zamani. Bati nalo akaliona halina sura ya kuingia kanisani, akaitengenezea kasha la mbao, akalipaka vanishi likang'aa. Kisha akavuta waya mrefu kutoka dirishani, ukakatiza ua wa ploti nzima, akaitundika spika karibu na lango, apate kusikia kama watakavyosikia waumini wa viti vya nyuma. Kila jioni akitoka kazini alikuwa mtu wa kuijaribu tu.

Sasa, ua huohuo ndimo alimoketi mama yake, Waithera, na redio yake ndogo ya betri.

Waithera hakuwa na haja na muziki wala siasa. Alingoja matangazo ya vifo ya jioni, na katika hayo alingoja jina moja: Zachariah Mbugua wa Ndaragwa, kaka yake. Walikosana kwa ajili ya shamba la baba yao. Waithera aliomba sehemu, Zachariah akamwambia msichana aliyeolewa hana shamba kwa baba, naye kwa hasira akajibu mbele ya watu wote, "Basi nitakanyaga hapa siku ya kukuzika!" Tangu hapo hapakuwa na simu wala salamu. Hasira iliisha zamani, lakini neno lilibaki, na Waithera hakujua njia nyingine ya kurudi kwa kaka yake isipokuwa hiyo aliyojiachia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nitamzika," alikuwa akimwambia Kibe. "Hilo hakuna mtu ataninyima. Nitamtupia udongo na nitamwambia ninayotaka kumwambia."

Ndiyo maana redio ilipoanza kufanya shhh kila jioni, mama alihangaika. Aliyatoa mawe yake, zile betri, akayaanika juani ukutani, kama tulivyofanya sote kabla ya kukubali kwamba mawe yamekufa. Mchana redio ikaongea vizuri, akalishukuru jua. Jioni, shhh. Akanunua mapya. Shhh.

"Wewe ni fundi, ama ni fundi wa kanisa peke yake?" akamuuliza mwanawe.

Kibe akaichukua. Chumbani kwake palikuwa na soketi moja, kwa hiyo alichomoa amplifaya ili achomeke chuma cha kulehemu. Akafungua redio, akagusa hapa na pale, ikaongea kama kasuku. Akamrudishia mama kwa maringo, akachomeka amplifaya yake, naye mama akaita kutoka nje, "Imerudia!" Jioni ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Mtu mzima, mwenye akili zake, akaitangaza redio ya watu kuwa imezeeka.

Stima ndiyo iliyomfunza. Ilipotea jioni moja Riruta yote, spika langoni ikakatika katikati ya wimbo, na katika ule ukimya Kibe akasikia kutoka uani sauti ya mtangazaji, safi kabisa, ikisoma jina la marehemu wa Murang'a. Alisimama na bisibisi mkononi. Stima ikarudi, redio ikafanya shhh. Akachomoa, ikaongea. Akachomeka, shhh.

"Ala!" akasema. "Kumbe ni mimi!"

Kesho yake mzee Harjit alicheka hadi akashika meza. "Umefungua stesheni ya redio bila leseni! Na waya mrefu umeweka, aerial kabisa! Kikulacho kiko nguoni mwako, Kibe." Akampa pete inayofaa, akamwonyesha namna ya kuizungushia waya, na safari hii Kibe alitenda. Koili haikupata moto. Kasha la bati halikuwa na sura, lakini aliweka redio ya mama juu yake, amplifaya ikivuma, na mtangazaji akasema bila mkwaruzo hata mmoja.

"Na zile siku sikusikia?" mama akauliza.

"Ni siku chache tu, Mama."

Jioni ile Waithera alisikiliza hadi mwisho. "Hayumo," akasema, na akala vizuri.

Jumapili amplifaya iliingia kanisani kwapani mwa Kibe, kama mtu amebeba mkate. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri mahubiri mazima bila kufupisha neno, waumini wakastahimili. Baada ya ibada watu walimzunguka uani wakimpa mkono, naye Kibe akijifanya si kitu, huku moyo ukimcheza ngoma. Miongoni mwao alikuja mzee mwenye koti zito ambaye Kibe hakumfahamu.

"Wewe ni wa Waithera," mzee alisema. "Mimi ni Gerishon. Nimekuja kumtembelea binti yangu hapa, lakini kwetu ni Ndaragwa, mpaka mmoja na mjomba wako. Tulishangaa. Mazishi yote hayo na mama yako hatukumwona."

Kibe aliuliza mazishi ya nani, ingawa alikwisha kujua. Mzee alimweleza yote palepale, taratibu. Kibe aliiacha amplifaya juu ya meza ya kanisa. Alizunguka Riruta mchana kutwa, hadi jua likaanza kushuka na visingizio vikamwishia.

Mama alikuwa uani, redio mapajani, imefika katikati ya matangazo.

"Leo pia hayumo," alisema akitabasamu. "Huyo mtu atatuzika sisi wote."

"Mama, zima kwanza."

"Hawajamaliza."

"Zima, Mama."

Akazima. Kibe akachuchumaa mbele yake, akasema. Alisema kifo, akasema mazishi yaliyokwisha, akasema waya na koili na kasha la mbao, na kwamba aliambiwa akapuuza. Hakujitetea.

"Walitangaza?" aliuliza mwishowe.

"Walitangaza, jioni tatu. Mjomba mwenyewe aliagiza kabla hajafa. Aliwaambia wanawe, kwenye tangazo anzeni na Waithera. Msianze na mke wangu wala na nyinyi. Akisikia ametangulia, atajua nimemwita."

Waithera aliitazama redio pale mapajani. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha.

"Lisome," akasema.

"Nini, Mama?"

"Hilo tangazo. Lisome vile wanavyosoma."

Kibe alisimama. Alikohoa, akanyoosha mikono ubavuni. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Zachariah Mbugua wa Ndaragwa. Marehemu alikuwa kaka mpendwa wa Waithera, wa Riruta, Nairobi..." Akaendelea na mke, na watoto aliowakumbuka, hadi akafika mahali pa siku ya mazishi, akashindwa.

"Tena," mama alisema. "Na upaze sauti."