Familia Imeamua

Shemeji, mke wa Kaka Mkubwa, alileta birika na vikombe vinne, akakuta sebuleni kuna mtu mmoja. Alirudisha vikombe vitatu jikoni, akamimina kimoja, akakoroga humo sukari ya wote.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile kila Kaka Mkubwa alipopandwa na Kiingereza. Mambo madogo aliyasema kwa Kiswahili, nao wakabaki ndugu wanne, kila mtu na mdomo wake. Jambo likiwa zito, alikohoa, akavua miwani, akasema, "The family has decided." Kile kitenzi cha umoja, 'has', kikishatoka tu, wote waliokuwa kwenye kochi waliungana wakawa mtu mmoja mnene, mwenye koti la Kaka Mkubwa, hereni za dada yao wa duka la vitambaa, viatu vya kaka yao dereva wa lori, na vumbi la chaki vidoleni. Vidole hivyo vilikuwa vya kitinda mimba wao, Mwalimu, aliyefundisha Kiingereza sekondari.

Jioni hiyo familia ilikuwa imeamua kwamba Mwalimu aache kazi amuuguze Mama, aliyepooza upande mmoja. Mwalimu aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alitaka kukataa, lakini mdomo ulikuwa mmoja na ulikuwa umeshatumika. Kichwa kiliitikia, naye akaisikia shingo yake humo ndani ikienda nacho.

Chai ilipokwisha wakaachana, kama kawaida, kila mtu akitafuta viatu vyake.

"Kaka," alisema Mwalimu, "sentensi yako haina kosa. Lakini watu wa kundi moja wakiwa kila mmoja na lake, kuna Kiingereza kinachokubali wingi. Sema 'have'. Jaribu tu."

"Unanifundisha Kiingereza nyumbani kwangu?"

"Naomba kusikilizwa, Kaka."

Kaka Mkubwa hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyemsomesha. Akakohoa. "The family have decided."

Wakabaki wanne. Shemeji akavirudisha sebuleni vile vikombe vitatu.

"Mimi kulala nyumbani ni kwa kubahatisha," alisema dereva. "Mnajua barabara zangu."

"Duka nikilifunga wiki moja, wateja wote wanahamia kwa jirani," alisema dada.

"Na mimi mwanamume nimwogeshe mama yangu? Jamani!" alisema Kaka Mkubwa.

"Mimi nina darasa la mtihani," alisema Mwalimu.

Wote wakamtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. Hapo ndipo ilipomuuma. Walipokuwa mtu mmoja alijifariji kwamba kosa ni la sarufi. Sasa kila mmoja alikuwa na ulimi wake, na ndimi zote zilikuwa zinamwelekea yeye.

"Wewe huna mume wala mtoto, mdogo wangu," dada alisema kwa upole.

"Tutasaidiana," aliongeza dereva. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Hakuna aliyeuliza vidole vingine vitakuwa wapi.

Mwalimu aliaga shule muhula ulipofungwa. Wanafunzi walimwimbia, akacheka nao, akalia chooni. Akahamia chumba cha Mama, akajifunza kumgeuza bila kumwumiza bega.

Asubuhi moja alikuwa ameshika beseni la maji ya uvuguvugu, akamsikia Kaka Mkubwa sebuleni akimjibu mtu kwenye simu aliyeulizia Mama anatunzwaje: "The family is taking very good care of her."

Mwalimu akaliweka beseni chini, akasubiri. Alitazama kama mabega yangemnenepa, kama mikono ya dereva ingeongezeka kwenye yake, maana Mama alikuwa mzito. Hakikutokea kitu. Aliipitia sentensi kama anayesahihisha daftari. Kitenzi kilikuwa cha umoja, na mtu alikuwa mmoja tayari. Hapakuwa na wa kuungana naye.

Mama aligeuza uso ule upande uliokuwa bado na nguvu. "Mmekuja wote?" aliuliza.

"Familia ipo, Mama," alisema Mwalimu, akapiga goti kitandani, akamnyanyua.